Naomba ushauri: kunawa mikono, nianze kumfundisha hatua ya mwisho?

Habari zenu ndugu. Niko Ujiji, Kigoma, namlea mpwa wangu mwenye usonji. Nataka anawe mwenyewe kabla ya kula.

Nimesoma kuhusu mnyororo wa tabia: kazi inagawanywa vipande, na kila kipande kikikamilika kinakuwa ishara ya kinachofuata. Kufungua koki ya ndoo, kulowesha mikono, sabuni, kusugua, kusuuza, kufunga, kufuta. Unaweza kuanzia mwanzo, kufundisha zote kwa pamoja, au kuanzia mwisho: namsaidia zote, ila kufuta anafanya peke yake na anapongezwa papo hapo, akiweza, namwachia na ya kabla yake. Hii ndiyo inanivutia, maana kila mara anamaliza kwa ushindi na ugali na dagaa vinamsubiri.

Shida ni sabuni. Akiishika anachezea povu, mnyororo unakatika. Mama yangu naye akimwona amekwama anamnawisha, na sasa mtoto anasimama tu kungoja mkono wa mtu.

Mliopitia haya, pale kwenye sabuni nigawanye hatua zaidi, au nipunguze msaada taratibu, kutoka kumshika mkono hadi kumgusa kiwiko? Na mama nimweleweshe vipi bila kumvunjia heshima?