Mrejesho: Windows imewaka kwenye SSD mpya
Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini Windows 10 iliyohamishwa kwa Clonezilla (programu ya kunakili diski nzima) kutoka HDD (diski ya kuzunguka) kwenda SSD (diski ya kasi isiyozunguka) haiwaki.

Kuchomoa HDD ya zamani kabla ya kuwasha ni ushauri wa maana, maana nakala hubeba vitambulisho vilevile vya diski na kuichanganya mashine. Lakini peke yake haukutosha. Amri ya kukarabati uwashaji, bootrec /fixboot, nayo iligoma, ikidai haina ruhusa.

Dawa imekuwa bcdboot, amri inayoandika upya faili za kuwashia Windows. Washa kwa flashi ya kusakinishia Windows, bonyeza Shift+F10 kufungua dirisha la amri, ingia diskpart (zana ya kusimamia diski), ipe patisheni ya EFI (ile ndogo ya FAT32 yenye faili za kuwashia) herufi S, toka, kisha:

bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

Hakikisha kwanza kwa dir C:\ kwamba Windows iko hapo. Ukiwa kwenye flashi herufi za diski huhama.

Kilichobaki: reagentc /enable (amri ya kuwezesha sehemu ya Windows ya kujirekebisha) bado inakataa.