Makerere, Kyambogo au stashahada kwanza? Natafuta njia ya uhandisi ujenzi

Mto_Malaba (Tororo)
Wakubwa shikamooni. Nimemaliza kidato cha sita na PCM: Hesabu A, Fizikia C, Kemia D. Nataka uhandisi ujenzi, hapo sibadiliki. Njia ninazoziona ni tatu: nijilipie Chuo Kikuu cha Makerere kule Kampala, nijilipie Kyambogo, chuo kikuu kingine cha hukohuko, au niende chuo cha ufundi cha Elgon hapo Mbale, nichukue stashahada miaka miwili ndipo nitafute shahada. Baba ana ng'ombe wanne. Nisaidieni kabla hajauza hata mmoja.

Kokoto256
Mdogo wangu, mimi ni wa Makerere. Mwanzoni zege utalisikia tu, chakula chako kitakuwa hesabu na mekanika. Kilichonitia moyo ni vitendo vya likizo, tulipopewa levo (darubini ya kupimia miinuko) na fimbo ya vipimo tuzunguke mlima. Tukaanzia kwenye jiwe moja, mchana kutwa juani, tukarudi kwenye jiwe lilelile. Daftari likasema jiwe limepanda sentimita nne. Jiwe! Kesho yake tukarudia mzunguko wote. Jina la Makerere linafungua milango, sikatai, ila kodi ya chumba Kikoni si mchezo, na rolex (chapati na mayai) za Wandegeya utazila hadi uzichukie.

FundiSanifu
Mlango ukishafunguka, ndani utafanya nini? Mimi nilianza na stashahada. Siku moja alikuja saiti kijana mwenye shahada ya motomoto. Fundi anamimina maji kwenye zege kwa ndoo ili lisukumike kirahisi, yeye anapiga picha. Nikaomba koni ya kupimia ulaini wa zege. Unajaza tabaka tatu, kila tabaka unalishindilia mara 25, kisha unaiinua taratibu, wima. Koni ina urefu wa sentimita 30. Zege lile lililala chini kama uji wa mgonjwa. Mzigo wote tukaukataa. Mambo hayo nilifundishwa mwaka wa kwanza, mikono ikiwa na saruji.

DadaNondo
Kaka, tusimdanganye mtoto. Kuona zege limelala ni jambo moja, kujua nguzo itabeba tani ngapi ni jingine. Stashahada peke yake haikufikishi Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Hata sisi wa shahada, ukimaliza miaka minne bado huitwi "Eng.", unafanya kazi kwanza chini ya aliyesajiliwa, ndipo upeleke maombi.

Mto, ukipenda njia ya Elgon, uliza kila chuo kitakuingiza mwaka wa ngapi. Wakikuanzisha wa kwanza, hiyo ni miaka sita, na ng'ombe wameisha. Na Kemia isikunyime usingizi, uzito mkubwa uko kwenye Hesabu na Fizikia.

Nilisoma Kyambogo. Chuo kile kilizaliwa 2003 kwa kuunganisha vyuo vilivyokuwepo, kimojawapo cha ufundi, na harufu ya karakana haijatoka. Kozi yenyewe ni ujenzi pamoja na majengo. Kilichoniuma kilikuwa nje ya chuo: mkandarasi niliyepelekwa kwake kwa mafunzo ya vitendo alinikalisha stoo wiki tatu nihesabu mifuko ya saruji, eti jua litaniunguza. Wenzangu wa kiume walikuwa wanakunja nondo.

Mzee_wa_Lami
Mnabishania zege, na mtoto anatoka Tororo! Chuo kikuu cha Busitema kiko mlangoni kwake, wana uhandisi wa rasilimali maji. Bwaise, pale Kampala, mvua ikinyesha kidogo tu watu wanatoa magodoro nje. Bududa mlima unashuka na nyumba. Kazi ya maji haiishi leo. Kwenye miradi mikubwa tumezoea kuwa wasaidizi: bwawa la umeme la Karuma ni Wachina, daraja la Jinja lililofunguliwa 2018 ni kampuni ya Japani na ya Korea. Mfereji wa Bwaise lakini unamtaka mtu anayejua maji ya pale yanapita wapi.

Na ng'ombe waacheni kwanza. Serikali ina mkopo wa wanafunzi tangu 2014, aombe. Ujue tu mkopo huo unalipa ada. Chakula na kitanda ni juu yako.

Kokoto256
Mzee, wa maji naye akitaka kuhamia majengo je? Kozi pana kwanza, kuchagua baadaye.

Mzee_wa_Lami
Mimi nilisoma hiyo pana. Nimekaa kwenye moramu (udongo wa barabara) na lami maisha yote.

Mto_Malaba
Ahsanteni sana. Nimemsomea baba kila kitu kwa sauti. Ya jina la chuo hakuyajali. Ya miaka sita yalimfanya akohoe. Mwisho kauliza moja tu: hiyo koni inauzwa pesa ngapi, maana fundi anayetujengea jiko naye ana tabia ya ndoo. Fomu ya mkopo naifuata Jumatatu. Kyambogo naiweka ya kwanza, Busitema ya pili.

FundiSanifu
Mwambie mzee asinunue. Ijumaa napita Tororo, yangu iko kwenye gari.