Msaada: nimefunga protisomu, mbona apoB haitoki kwenye seli?

Mleta_Jeli: Wakuu habari. Nina seli za ini za kuotesha. Nimeweka MG132, dawa ya kufunga protisomu (mashine ya seli ya kutafuna protini), mikromola 10 kwa saa 2, nikitegemea apoB100, protini inayobeba mafuta kutoka kwenye ini, iliyokuwa inaharibiwa itoke kwa wingi. Kwenye midia (maji ya kuoteshea seli) bado imeshuka. Nakwama wapi?

ProtiniNene: Kuokolewa si kutoka. Mnyororo wa apoB100 una asidi amino 4,536, na MTP, protini inayohamisha mafuta, huanza kuupaka mafuta ribosomu ikiwa bado kazini. Mafuta yakikosekana unakwama kwenye tundu la retikulamu ya endoplazimu (kiwanda cha protini ndani ya seli), Hsp70, protini msaidizi, inaudaka, unabandikwa ubikwitini, alama ya kuharibiwa, protisomu inatafuna. Funga protisomu utakavyo, bila mafuta utabaki umekwama palepale. Weka asidi oleiki milimola 0.4, uifunge kwanza kwenye albumini.

Mleta_Jeli: Asidi ya mafuta ipo, na albumini ipo.

MzeeSentrifuji: Jeli ya kutenganishia protini je? Hiyo apoB100 ni kilodaltoni 550 hivi. Tumia jeli laini, asilimia 5, uhamishe protini kwenye utando usiku kucha kwenye baridi, methanoli kidogo. Watu wanalaumu seli kumbe protini imelala kwenye jeli.

DadaGolji: Mzee, jeli baadaye. Mleta mada, asidi ya mafuta IPI? Na seli gani?

Mleta_Jeli: DHA, ile omega-3 ya samaki. Seli ni McA-RH7777 za panya. Lakini mafuta ni mafuta, yote yanaishia trigliseridi. Kama protisomu haihusiki basi DHA inapunguza utengenezaji. Muhtasari nimeshauandika hivyo.

MzeeSentrifuji: Muhtasari umezaliwa kabla ya mimba!

DadaGolji: Sasa tumefika. DHA ina vifungo pacha 6, inaoksidika upesi. Kwenye seli hizo apoB inatoka salama kwenye retikulamu, inaharibikia mbele, baada ya kupakwa mafuta, na otofaji, yaani seli kujila sehemu zake, ndiyo inayoimeza. MG132 haifiki huko. Jaribu deferoksamini inayonasa chuma: apoB ikirudi, oksidi za mafuta ndizo chanzo.

ChumviKidogo: Uzi wa kutunga huu. Seli za panya zinahariri RNA ya apoB, lazima uone na apoB48, ile fupi. Jamaa anataja 100 tu. Swali la mtihani hili, msimfanyie.

MzeeSentrifuji: Au limtoe kwenye kikao cha maabara, haha.

ProtiniNene: Chumvi, taratibu. ApoB48 ni asilimia 48 za mwanzo wa mnyororo. Kingamwili inayoshika mkia haiwezi kuiona. Mleta mada, yako inashika wapi?

Mleta_Jeli: Mkia. Sijatunga chochote. Basi niongeze neno "huenda" kwenye muhtasari?

ChumviKidogo: "Huenda" ndiyo kizuizi kipya cha protisomu?

DadaGolji: Usiongeze neno, pima. Makundi matatu: albumini tupu, oleiki, DHA. Methionini yenye salfa-35 (asidi amino yenye mionzi, ya kutia alama protini mpya) kwa dakika 15, kisha ya kawaida. Chukua sahani ya kwanza dakika 15 baadaye, maana minyororo mingine inakuwa haijaisha, na hicho ndicho kipimo cha utengenezaji. Ya pili saa 2. Jumlisha seli NA midia, ugawe kwa ya kwanza. Ya kwanza ikilingana kote na jumla ikashuka kwa DHA pekee, ni uharibifu. Rudia ukiwa na brefeldini A, inayozuia protini kutoka kwenye retikulamu: jumla ikipanda, uharibifu uko nje ya retikulamu. Midia itakuwa tupu hapo, usishtuke, brefeldini imefunga njia. Na MG132 inagusa kathepsini pia, vimeng'enya vingine vya kuvunja protini. Ukitaka kuitaja protisomu kwa jina tumia laktasistini, inayoilenga zaidi.

Mleta_Jeli: Midia huwa naimwaga baada ya kupima, ila sahani za seli ninazo.

ProtiniNene: Basi hauna jumla. Anza upya.