Naomba ushauri: kuhesabu tumbusi na tai kwa gari

Wakuu, habari. Kwa mwenye uzoefu wa kuhesabu ndege wala nyama. Tunataka kuanza kuwahesabu kati ya Tungamalenga na lango la Ruaha, njia ileile kila mwaka: gari moja, dereva na watazamaji wawili, mwendo usiozidi kilomita 40 kwa saa.

Kinachonisumbua zaidi ni saa ya kuanza. Alfajiri tumbusi bado wametulia mitini, na penye vichaka huwaoni hata wakiwa jirani. Tukingoja jua likolee, hewa ya moto inawapandisha juu na wanaonekana vizuri, ila yuleyule anaweza kutupita tukamhesabu tena mbele. Anayeruka mnamjumlisha au mnamwandika pembeni?

Halafu umbali. Naelewa ukipima umbali wa kila ndege kutoka barabarani unaweza kukadiria na wale uliowakosa. Kifaa cha leza hatuna. Kukisia kwa macho, tuseme mita 0–50, 50–100 na kuendelea, kunakubalika?

Msimu nimependekeza Julai, kwa sababu Oktoba hadi Aprili kuna wageni kutoka Ulaya na Asia, tai wa nyika wakiwemo. (Dereva anataka Januari. Sijui anapendea nini matope.)

Tumbusi mgongo-mweupe yuko hatarini kabisa kutoweka, na mzoga mmoja wenye sumu unaua kundi zima. Je, walio kwenye mizoga tuwachanganye na wa njiani? Mimi naona hapana, mzoga mmoja utavuruga hesabu yote. Mnasemaje?