Mafundi, acheni kuua pasiwedi za watu kwenye Excel halafu mnaita "kuhamisha"

Wakuu, salaam.

Hili limenichosha na leo nalisema wazi. Kuanzia Kariakoo mpaka Posta, ofisi za uhasibu na mawakala wa forodha wanaweka pasiwedi za wateja wote kwenye jedwali moja la Excel: TRA, NSSF, BRELA (usajili wa kampuni), TAUSI (mapato ya halmashauri), NeST (manunuzi ya serikali), barua pepe, benki. Mwenye ofisi anashtuka, anamwita fundi azihamishie kwenye faili lililosimbwa, yaani lisilosomeka bila pasiwedi yake, lile la KeePass (programu ya kutunza pasiwedi) lenye mwisho wa .kdbx. Wazo ni zuri kabisa. Fundi anabofya mara tatu, anachukua hela yake, anaondoka. Wiki inayofuata pasiwedi kadhaa hazifungui, na lile jedwali la zamani bado limekaa pale pale kwenye Desktop.

Uharibifu unaanza kabla KeePass haijafunguliwa. Excel ina tabia ya kukisia. PIN 0412 inaifanya 412. Pasiwedi 3-4 inageuka tarehe. Namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) ikiandikwa bila vistari ina tarakimu 20, na Excel inashika 15 tu. Tano za mwisho inazigeuza sifuri, tena ukihifadhi jedwali kama CSV (faili la maandishi matupu, safu zikitenganishwa na koma, ndilo linaloingizwa KeePass) inaandika kile kinachoonekana kwenye seli, yaani kitu kama 1.99E+19. Pasiwedi ikianza na =, +, - au @ inahesabiwa kuwa fomula. Chukua +Dar2023. DAR ni jina halali la safu kwenye Excel, kwa hiyo inakwenda kwenye safu ya DAR, mstari wa 2023, inakuta seli tupu, inakurudishia 0. Pasiwedi ya mteja imeshakuwa sifuri, na hakuna onyo lolote lililotokea kwenye kioo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba jedwali linaweza kuwa zima, seli zote zimewekwa kuwa maandishi, na fundi akaliharibu mwenyewe. Anahifadhi CSV, halafu anaibofya mara mbili "aangalie tu". Excel inaifungua na kukisia upya kila seli, kwa sababu CSV haibebi habari ya kwamba safu fulani ni maandishi. Akihifadhi hapo, basi. Kubadilisha seli kuwa maandishi baadaye hakurudishi sifuri iliyopotea. CSV ikaguliwe kwa Notepad. Kama lazima uione kwenye jedwali, tumia LibreOffice Calc: kwenye dirisha la kuingizia, chagua safu zote na uziweke aina ya maandishi kabla ya kukubali.

Kuna na haya ya jedwali lenyewe. Excel ikihifadhi CSV inachukua shiti moja tu, ile iliyo wazi. Ofisi yenye shiti ya "Wateja", ya "Benki" na ya "Barua pepe" inahitaji CSV tatu. Seli zilizounganishwa ni balaa: jina la mteja limetandazwa kwenye mistari sita, lakini kwenye CSV linabaki mstari wa kwanza peke yake, mitano iliyobaki haina mwenyewe. Tenganisha seli, jaza jina kila mstari. Na kama rangi nyekundu ilimaanisha "hii ni ya zamani", rangi haiendi popote. Ongeza safu ya maelezo, uandike hivyo kwa maneno.

Unapohifadhi, chagua CSV ya UTF-8, ili herufi na alama zisiharibike. Kisha angalia kitenganishi, maana kuna Windows zinazotumia nukta mkato badala ya koma kulingana na mipangilio ya nchi. Pasiwedi yenye koma ndani lazima izungushiwe alama za nukuu, na ikiwa na alama ya nukuu ndani, iandikwe mara mbili. Excel na Calc zinafanya hayo zenyewe. Anayeunganisha safu kwa mkono ndiye anayekata pasiwedi za watu katikati.

Kwenye KeePassXC, programu ya kufungua na kuandika hayo mafaili ya .kdbx, dirisha la kuingiza CSV lina mambo ambayo watu wanayapita mbio. Weka alama kwamba mstari wa kwanza ni vichwa vya safu. Linganisha kila safu na mahali pake: kundi, jina, mtumiaji, pasiwedi, anwani, maelezo. Kile kisanduku cha kuifanya \ kuwa alama maalum, kiondoe tiki kama kuna pasiwedi zenye \ ndani yake. Angalia pia alama ya mstari wa maoni: ikiwa ni #, mstari unaoanza na # unarukwa kimya kimya. Kwenye safu ya kundi usiandike "TRA/NSSF", mkwaju utakutengenezea kundi ndani ya kundi. Chini kuna jedwali la kuonjea, linaloonyesha data itakavyoingia. Lisome, usilifunge!

Ukimaliza, fungua ripoti za takwimu ndani ya KeePassXC, idadi ya maingizo ilingane na mistari ya CSV ukitoa ule wa vichwa. Halafu jaribu kuingia kweli kwenye akaunti kumi, na uchague zile zenye alama za ajabu na zinazoanza na sifuri.

Wale wanaosema "shiti yangu nimeilinda kwa pasiwedi", hiyo siyo kusimba. Faili la .xlsx ni zip. Ukilifungua na kufuta kipande kimoja cha maandishi ndani ya XML ya shiti, ulinzi umeondoka.

Sasa jedwali la zamani. Lipo Desktop, Downloads, kwenye pipa la taka, kwenye flashi iliyotumika stationery kuprinti, kwenye barua pepe zilizotumwa, kwenye grupu la WhatsApp la ofisi, kwenye matoleo ya nyuma ya OneDrive. Kwenye SSD hata programu za kufuta kwa kuandika juu haziaminiki, kwa sababu diski inaandika sehemu nyingine na kuiacha ya zamani. Kwa hiyo futa kote, kisha badilisha pasiwedi zenyewe, ukianza na barua pepe, benki na TRA. Hizi ni taarifa za wateja, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi tangu Mei 2023.

Pasiwedi kuu, ile ya kufungulia faili la .kdbx, iwe maneno sita yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, siyo jina la kampuni na mwaka. Ikipotea hakuna wa kuirudisha, hata waliotengeneza programu. Nakala yake ikae kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya sefu. Fundi anayeibandika kwenye fremu ya kioo cha kompyuta mbele ya wateja arudishe hela ya watu.