Kisima kinakufa, mikutano inaishia kwa kelele: naomba ushauri

MkaziBusia: Habari zenu wana jukwaa. Niko kijiji kimoja nje kidogo ya mji wa Busia, upande wa Uganda. Kisima chetu cha pampu ya mkono kiko taabani. Unapiga pampu weee mpaka bega linauma ndipo maji yaje, na jerikeni la lita 20 linajaa kwa shida. Mabinti wanachelewa shule kwa sababu ya foleni. Mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) ameshatuita kuzungumza, lakini kila mara wanaosema ni wazee walewale, mtu anauliza michango ya zamani ilikwenda wapi, mhazini anawaka, watu wanatawanyika. Mkutano ujao nimeombwa niuongoze mimi. Nifanyeje tutoke na uamuzi?

FundiPampu: Pole ndugu. Maji yakichelewa hivyo, mara nyingi ni mipira ya silinda imelika, valvu ya chini haishiki, au bomba limetoboka. Mwiteni fundi wa pampu wa gombolola (ngazi ya utawala iliyo juu ya kijiji) aifungue na aandike gharama kabla hamjakutana. Bila bei mezani mtabishana mpaka magharibi.

Nalongo_Iganga: Bei ni sawa, lakini wachotaji ni kina nani? Ni kina mama na watoto, na ndio wasiosikika! Sisi tuligawana makundi chini ya mwembe: kina mama kivyao, vijana wa boda kivyao, wazee kivyao. Swali lilikuwa moja tu: kila nyumba itoe nini, na lini? Kisha kila kundi likatoa msemaji, kina mama wakaanza. Huko kwa kina mama ndipo tulipojua kuna mjane aliyeacha kuja kisimani kwa kuona haya, anadaiwa mchango, akawa anachota kwenye kidimbwi wanakokunywa ng'ombe. Mbele ya wanaume asingefungua mdomo. Tulimwondolea deni siku ileile. Na vijana wa boda wakakubali wenyewe kulipia maji ya kuoshea pikipiki.

MzeeWaBombo: Nalongo amesema vyema, ila mimi nisingeanza na makundi. Anzeni na daftari. Mhazini asome kilichoingia na kilichotoka, watu wote wakisikia. Ukiwaambia wayasahau ya nyuma, hakuna atakayetoa hata shilingi. Kumbuka pia, mwanangu, baraza la kijiji ni wakazi wote wa miaka 18 na kuendelea. Ile kamati ya LC1 ya watu 10 inawatumikia tu. Andikeni mlichoamua, mtie sahihi. Ikiwa gharama inawazidi, peleka karatasi hiyo gombolola. Yale mabaraza mengine, mikutano ya hadhara ambayo serikali ilianzisha mwaka 2009, yalikusudiwa hasa maofisa wasimame mbele ya raia wajibu maswali kama haya, kwa hiyo usione aibu kuuliza.

MkaziBusia: Asanteni sana. Tatizo ni kwamba mhazini ni shemeji yangu. Nikimsimamisha asome, nyumbani patawaka moto. Nikimwacha, watasema namlinda.

Nalongo_Iganga: Basi kaka, hapo kwenye daftari usiongoze wewe. Mwachie katibu wa wanawake. Nawe umfuate shemeji nyumbani siku mbili tatu kabla, mkae naye, apange risiti zake. Akiwa amepoteza baadhi, ni heri aseme mwenyewe kabla hajaulizwa. Na mkutano usiuweke siku ya soko, nusu ya kina mama hawatakuwepo.

FundiPampu: Mkishapata bei ya fundi, iweke hapa tuiangalie kama ni ya haki.