Nimepewa ukaimu kazini, roho haitulii. Mkristo anaweza kukataa cheo?

Mzee_Kijana: Shalom wakuu. Niko halmashauri moja huku Kanda ya Ziwa, upande wa manunuzi. Nimeambiwa nitakaimu ukuu wa kitengo. Kanisani ni mzee wa usharika. Tangu nipewe taarifa usingizi sipati. Mke anasema cheo hutoka kwa Mungu, nisijifanye mtakatifu. Nikatae? Matusi hapana tafadhali.

Mla_Furu: Kikikushinda niite, nije nikaimu mimi.

Mama Tumsifu: Mwanangu, Mathayo 6:33, utafuteni kwanza ufalme wa Mungu. Marehemu baba watoto alikuwa mtunza ghala, akagoma kuandika mifuko ya saruji ambayo haijafika. Wakamhamishia porini. Tukalima mtama, watoto wakasoma. Ila sitadanganya, wa pili alikosa ada akaishia kidato cha pili, na mpaka leo ananinunia.

Bwana Shamba: Pole mama. Lakini mleta uzi hajasema kitu. Ukaimu wenyewe una dhambi gani? Zabuni siku hizi ziko NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni. Funguka.

Mzee_Kijana: Haya. Bosi anataka niingie NeST kwa nywila yangu, nithibitishe alama za tathmini. Kwenye tathmini sikukaa. Alama zimeshaandikwa kwa penseli kwenye karatasi, kazi yangu kunakili tu. Lakini bei sikupanga mimi, na barabara kweli itajengwa. Alinitumia milioni mbili "ya vocha". Sijaigusa, isipokuwa nilitoa laki nane za kianzio cha kiwanja, maana mwenye nacho alikuwa na wateja wengine.

Bwana Shamba: Hujaigusa isipokuwa laki nane 😂

Msomaji wa Zamu: Naamani, jemadari wa Shamu, alimwamini Mungu na bado akaendelea kumsindikiza bosi wake hekaluni kwa Rimoni, mungu wa Washami. 2 Wafalme 5:18. Nabii Elisha akamwambia aende kwa amani. Chukua cheo ndugu, utawasaidia wengi ukiwa ndani.

Mama Tumsifu: Mbona umeishia hapo baba? Shuka mpaka mstari wa 27. Gehazi, mtumishi wa Elisha, alikimbilia fedha ya huyo huyo Naamani, akaondoka na ukoma.

Mla_Furu: Wakuu, hii chai, stori ya kutunga. Mwezi uliopita huyu alikuwa bodaboda Mbeya, analalamika pikipiki inazima mlimani.

Mzee_Kijana: Akaunti alikuwa nayo shemeji.

Fundi Gereji: Hiyo ya kuzima mlimani watu wanabadilisha plagi bure. Safisha kabureta kwanza.

Bwana Shamba: Chai au si chai, humu wapo waliokalia kiti hicho hicho. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 15, inambana anayetoa na anayepokea. TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, namba yao ni 113, haikatwi salio. Ongea nao kabla hujabonyeza chochote, na muamala wa hiyo milioni mbili usiufute kwenye simu.

Mzee_Kijana: Na laki nane je? Mwenye kiwanja kasema kianzio hakirudi.